Mshono Mwekundu

Jumamosi, baada ya alasiri, jua la Wete limelegea kidogo,
nimefunga cherehani, nimejitanda kanga,
nimekwenda Jadida kutazama besiboli.
Usinicheke, yakhe. Mchezo wenyewe siujui.
Mpira ndio ninaoujua:
juzi Shaame kaniletea umepasuka tumbo,
nyuzi za ndani zinachungulia kama utumbo wa kuku.
"Shangazi, tunao huu tu."
Nikaushona kwa uzi wa viatu, uzi mwekundu,
kwa sindano ya magunia,
kidole cha shahada mpaka leo kinanidai.

Glovu tano, watu tisa.
Kila zamu ikigeuka wanavuana,
hawa wanazitupa chini, wale wanaziokota
zina jasho bado.
Mwalimu Mbarouk akanisomesha:
huyu anarusha, yule anapiga, akipiga anakimbia,
kituo cha kwanza, cha pili, cha tatu,
halafu anarudi pale pale alipoanzia.
"Akishafika?"
"Kapata moja."
Basi mie nna nyingi, nikamwambia,
kila siku sokoni na kurudi.
Akacheka mpaka filimbi ikamtoka mdomoni.

Watu walitazama nani kafika, nani katolewa.
Mimi nilitazama mshono.
Kila gongo likilia ko!
moyo wangu unasema: shika, uzi, shika.
Mara Hamadi Kombo, kijana mwembamba kama njiti ya ufagio,
akaupiga juu, juu, ukawa nukta,
ukavuka ukuta wa skuli, ukaanguka
katikati ya jamvi la karafuu za Bi Mkasi.
Karafuu zikaruka kama panzi.
Bi Mkasi akatoka na mwiko.
Nani alishinda? Sijui.
Mchezo uliisha tumechutama sote
tunaokota karafuu moja moja,
timu hii na timu ile, na mwalimu, na mimi.

Usiku, sinema, ukumbi wa skuli.
Sleyum wa duka la simu kaleta mashine,
kiingilio mia tano, watoto wapakatwe.
Na pazia? Pazia pia langu:
shuka zangu mbili za kitanda,
nimeziunga ubavu kwa ubavu.
Nakula bisi, vidole vinanukia karafuu,
bisi nazo zimekuwa karafuu.
Picha ya Kihindi, ya zamani:
mama kapotelewa na mwana kwenye stesheni ya treni.
Kisiwa kizima hatuna treni,
na ukumbi mzima unalia.

Mshono umempitia mama yule usoni,
toka kipaji mpaka kidevu.
Akitabasamu, shavu moja linatangulia.
Wenzangu wanaona msiba, mimi naona
pale nilipovuta uzi kwa pupa
kwa kuwa magharibi ilikuwa inaadhiniwa.
Nikaona haya gizani.
Bi Mkasi, kaketi mbele yangu, hasira zishamtoka,
akanigeukia: "Maskini, ana kovu."
Nikanyamaza.
Nikamwachia kovu lake.

Umeme ukakatika mwana yuko mlangoni,
mkono kauinua, hajabisha hodi.
Tukangoja. Tukapiga makofi. Wapi.
Tukatoka tunabishana njia nzima,
kamjua, hakumjua, angemjuaje na ndevu zile?
Bi Mkasi, ambaye wake yuko Maskati mwaka wa tisa,
akasema: "Kamjua."
Ubishi ukaisha hapo.
Tukasikia viatu vyetu tu mpaka Limbani.

Jumapili nililala hadi saa tatu.
Nikafua shuka, nikaanza kuzifumua,
nikafika nusu, nikaziacha.
Jioni mlango ukagongwa:
Shaame, mkono mmoja nyuma ya mgongo.
"Shangazi..."
"Lete. Upande gani?"
Uzi wangu ulikuwa mzima, kila tundu.
Ngozi ndiyo iliyochoka,
imepasuka kando yake, unyoya tu,
na ndani yake imejibana karafuu moja.